Mwalimu na Usukani Uliokatwa Juu

Mjini Same, ukimwona dereva anapiga honi kabla ya kona hata kama barabara ni nyeupe, ujue amepita mikononi mwa Mwalimu. Honi fupi, ya upole, isiyofoka. "Honi kwenye kona si kelele," alikuwa akituambia, "ni hodi. Huwezi kuingia kwa mtu bila kubisha." Mimi naendesha gari la wagonjwa la kituo cha afya huko milimani, njia ya Makanya kupanda Suji, na tangu tumzike bado nabisha hodi kwenye kila kona. Mara nyingine, kama sina mgonjwa nyuma, najiitikia mwenyewe: karibu.

Alifundisha udereva kwa miaka mingi kiasi kwamba kuna nyumba ambazo alimfundisha baba, kisha binti, kisha mkwe. Hakuwa na jengo la shule. Alikuwa na gari dogo jeupe lenye pedali ya pili ya breki upande wa abiria, na uwanja wa mnada siku ambazo hakuna mnada. Ng'ombe na mbuzi wakishaondoka, uwanja ulibaki kwetu, sisi na vumbi lake.

Kabla hujashika usukani wake, ulinawa mikono. Aliweka dumu la maji na kipande cha sabuni kwenye buti, na hakutaka ubishi. Kijana mmoja aliwahi kumwuliza kama anafundishwa kuendesha au kula. Mwalimu akamjibu, "Vyote viwili vinaingia mwilini." Somo la kwanza gari halikuwashwa kabisa. Ulikaa, ukafumba macho, ukazungusha usukani kulia na kushoto jinsi alivyokuamuru, kisha akauliza, "Matairi yanaangalia wapi?" Ukikosea, mnaanza tena. Mimi nilikosea asubuhi nzima. Jua lilipokuwa kali nikaanza kuyaona matairi kwa viganja, na hadi leo nikipita kwenye matope ya masika najua yanaangalia wapi bila kuchungulia.

Kukata kona kali alikufundisha kama mtu anayefundisha kucheza ngoma. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto unavuka juu ya mwenzake kwenda kuushika usukani kileleni, unashusha, wa kulia unapokea. "Mikono isigombane," alisema. "Ni ndugu. Mmoja akitoka mwingine yupo." Aliirudia mikono hiyo hata akiwa hana usukani. Ungemkuta amesimama dukani anaongea na mtu, huku mikono yake inavukana taratibu hewani, na yeye hana habari.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na namna yake. Hakupiga kelele. Ukifanya kosa, alikanyaga breki yake, gari likasimama, akatazama nje dirishani kana kwamba kuna kitu cha maana sana kule mbugani Mkomazi. Ukimya ule uliuma kuliko matusi. Ukishindwa majaribio yake ya mwisho alisema maneno yale yale kwa kila mtu, awe mtoto wa tajiri au mchunga mbuzi: "Umefeli. Rudi kesho." Na ukifaulu hakukupa pongezi. Alikuambia, "Sasa unaweza kuua mtu. Nenda ukijua hivyo."

Kwa wanawake alikuwa na imani kuliko walimu wengine wote niliowasikia. "Wanawake wanaendesha vizuri kwa sababu hawaoni haya kusimama," alisema. "Mwanaume akipotea njia anaongeza mwendo." Tulicheka, na wanaume walicheka pia. Yeye mwenyewe alikuwa mwanaume, na baadaye tuliona kwamba alijisema bila kujua.

Maana mtu huyu alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikuwa Msabato wa kweli, Jumamosi gari lake halikuwaka hata kwa dharura ya jirani, lakini siku za kawaida ungemsikia akimwapiza dereva wa basi aliyempita vibaya mpaka unaona aibu kwa niaba ya kanisa. Alitufundisha kumwamini dereva mwenzako barabarani, ila yeye hakuweza kupanda gari la mtu mwingine. Kwaya ya kanisa ilipokwenda Mwanga kuimba, alikaa kiti cha nyuma na mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu njia nzima. Waliporudi alichechemea siku mbili tatu. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, alimwambia mbele yetu, "Baba, ungefika salama hata bila breki yako." Akajibu, "Ungejuaje?"

Katika wanafunzi wake wote alimpenda mmoja, Nakijwa, binti wa Suji niliyesoma naye zamu moja. Nakijwa mwenyewe hakumwambia hivyo. Alituambia sisi. Nakijwa akishuka kwenye gari, Mwalimu alitugeukia na kusema kwa sauti ya chini, "Mmeona mikono ile?" Kisha Nakijwa akikaribia, anamwambia, "Umechelewa kuachia klachi." Alipopata kazi Arusha, kwenye kampuni ya kuendesha watalii, Mwalimu aliitangaza habari ile soko zima. Na Nakijwa kila Desemba alipokuja kwao alisimama kwanza Same, anamletea Mama Mwalimu kitenge, na anakaa barazani kula makande na kusimulia barabara za mbugani.

Desemba moja alikuja na gari la umeme.

Aliliegesha pembeni ya kituo cha mafuta, mahali ambapo madereva hukaa kusubiri mizigo. Lilifika kimya, ndiyo maana watu walilizunguka haraka. Kila mtu alitaka kujua lilitokea wapi. Mimi nilikuwa nimeshusha mgonjwa hospitali, nikasogea. Lakini umeme wake haukuwashangaza madereva kwa muda mrefu. Kilichowashika kilikuwa usukani. Haukuwa duara. Sehemu ya juu haikuwepo, na chini ulikuwa bapa. Ulibaki na vishikio viwili vya pembeni, kama ule wa rubani.

"Umekatwa nusu kama chapati ya shuleni," alisema dereva wa fuso la kubebea tangawizi, na jina likabaki hapo hapo: nusu chapati.

"Usicheke," akasema wa teksi, ameshaingiza kichwa dirishani. "Dashibodi yote inaonekana. Usukani wangu unanifichia taa ya mafuta kila siku."

"Hata mimi na tumbo hili naupenda," akasema wa fuso akijipigapiga. "Umeniachia nafasi ya kushiba."

Mzee aliyeendesha mabasi ya mikoani zamani alitikisa kichwa. "Nikiwa safari ndefu mkono wangu unapumzika juu. Hapa nitaupumzisha wapi? Hewani?"

"Na indiketa iko wapi?" wa teksi akauliza. Nakijwa akamwonyesha vitufe kwenye kishikio cha kushoto. Wa teksi akaugeuza usukani, akavitazama. "Sasa nikiwa nimeukunja hivi kwenye mzunguko, cha chini kimekuja juu. Si nitaomba kulia huku nakwenda kushoto?"

"Utazoea," Nakijwa akasema. "Na mikono haivukani kabisa. Huu haukuungwa na matairi kwa chuma, ni kwa nyaya. Ukiwa polepole, unageuza kidogo tu, matairi yanakunja sana. Ukiwa kasi, unakuwa mzito."

"Nyaya! Na umeme ukikatika?"

"Kuna njia ya pili ya akiba."

"Hata nyumbani tuliambiwa ipo akiba," mzee wa mabasi akasema, na watu wakacheka, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Mwalimu alikuja kwa miguu kutoka upande wa soko. Tukampisha.

"Shikamoo Mwalimu," Nakijwa akamwambia, akipiga goti kidogo kama alivyozoea.

"Marahaba mwanangu. Hili ndilo ulilolisema kwenye simu?"

"Ndilo. Yanakuja mengi kazini, na hatuna mtu wa kuwafundisha madereva. Nimewaambia mabosi namjua mtu mmoja tu." Alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa furaha, na nikaona shingo ya Mwalimu inanyooka. Alikuwa mtu mzima, gari lake jeupe limechoka, na wanafunzi walikuwa wameanza kukimbilia shule zenye majengo. Kazi ile ilikuwa kama imemfuata nyumbani.

Aliomba maji akanawa mikono. Akaingia, akarekebisha kiti, akauliza breki iko wapi ingawa aliiona. Nakijwa akakaa kushoto kwake. Nyuma ya kituo pana kiwanja chembamba. Alitakiwa kwenda, ageuze kati ya fuso na meza ya mama muuza machungwa, arudi. Sisi tuliofundishwa naye tungeligeuza gari pale hata tukisinzia.

Alikwenda vizuri. Alipofika pa kugeuza, akapiga hodi yake kwanza, yaani alipiga katikati ya usukani kwa kiganja, lakini honi haikuwa pale, ilikuwa kitufe kidogo pembeni. Haikulia. Hilo lilimtoa kwenye utulivu. Akasukuma kwa mkono wa kulia kama alivyosukuma miaka yote, na wa kushoto ukavuka kwenda juu kuupokea usukani. Ukashika hewa. Na kwa sababu msukumo mdogo ulikuwa umekunja matairi yote, pua ya gari iliruka kando, ikaigonga miguu ya meza. Machungwa yakamwagika. Breki aliipata, gari likasimama. Hakuna aliyeumia.

Mtu mmoja, sikumbuki nani, akapaza sauti: "Umefeli! Rudi kesho!"

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Hawakuwa na ubaya. Karibu wote walikuwa wameambiwa maneno yale na mdomo ule, na walicheka kama watoto wanavyocheka baba akiteleza. Lakini Mwalimu alishuka na uso ambao sikuwahi kuuona.

"Huu si usukani," alisema. "Aliyeutengeneza hajawahi kupanda mlima. Ukikuta lori kwenye kona ya Suji utatafuta kitufe?"

"Mwalimu, ni siku moja tu, utau—"

"Na wewe." Alimgeukia Nakijwa. "Niliyekufundisha kwa mikono yangu. Ungeona haya kuniletea kitu hiki mbele ya watu. Nenda nacho hukohuko kwa Wazungu wako."

 Nakijwa aliinama akaokota machungwa, moja moja, akayafuta vumbi kwa khanga na kuyarudisha mezani, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mchana ule ule aliondoka. Hata Suji kwao hakupanda.

Nakijwa alimpigia simu, mara nyingi. Mwalimu alitazama jina likiwaka kwenye kioo, akageuza simu kifudifudi. Tukimwuliza, anasema ana mwanafunzi. Somo lake la kwanza sasa lilikuwa na nyongeza: kabla ya kufumba macho, mwanafunzi alielezwa ubaya wa nusu chapati. Alikuwa na hoja, na hoja ya honi mpaka leo nadhani ilikuwa ya haki. Ila alizisema kwa nguvu ya mtu anayejibu kicheko ambacho wengine wameshakisahau.

Kiharusi kilimkuta uwanjani pale pale, asubuhi, akiwa na mwanafunzi. Nilikuwa mjini, nikaitwa, na jioni ile ile nikaambiwa nimpeleke Moshi kwa rufaa. Mama Mwalimu alikaa nyuma ameshika mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala kama wa mtu mwingine. Tulipopita mashamba ya mkonge ya Kisangara, nikasikia sauti nzito, ulimi haufanyi kazi vizuri. Nikadhani anaomba maji.

"Anasemaje, mama?"

Mama Mwalimu akainamisha sikio. "Anasema gia ya nne. Gari linalalamika."

Nilibadilisha gia huku machozi yananitoka, nikicheka.

Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa akitembea kwa fimbo. Mdomo ulikuwa umerudi karibu wote. Mkono wa kushoto haukurudi. Na magari yetu, usukani uko kulia na gia iko kushoto. Mtu asiye na mkono wa kushoto hana gia, na hana ndugu wa kupokea usukani kwenye kona. Gari jeupe likasimama chini ya banda la mabati. Yeye ambaye hakuweza kupanda gari la mtu, sasa kila mahali alipelekwa. Kanisani, hospitali, hata kinyozi. Aliacha kwenda kokote asikolazimika.

Siku moja nilikwenda kumjulia hali nikamkuta amelala. Mama Mwalimu alinipeleka bandani, akafungua mlango wa gari. "Tazama," akaniambia.

Nusu ya juu ya usukani ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, safu juu ya safu.

"Alifunga baada ya mambo ya machungwa," alisema. "Kila asubuhi, wanafunzi hawajaja, alikwenda uwanjani akazunguka bila kuugusa utepe. Miezi. Wanafunzi akawaambia usukani umechubuka. Nilimwambia, Baba, mpigie binti, mwambie unajaribu. Akaniambia, 'Nikimpigia nataka niwe najua.'" Alifunga mlango taratibu asimwamshe. "Alikuwa karibu kumpigia. Aliniambia wiki ile ile."

Nilikaa na maneno hayo njia nzima ya kupanda Suji. Nilipofika penye mtandao nikampigia Nakijwa, nikamweleza yote.  Akasema, "Jumapili nakuja."

Alikuja na gari lile lile. Mwalimu alikuwa barazani amevaa koti ingawa kulikuwa na joto. Nilidhani atageuza uso. Nakijwa akapanda ngazi, akapiga goti.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Alimtazama sana. "Umenenepa. Chakula cha Arusha ni kizuri."

"Ni kizuri, Mwalimu. Twende uwanjani."

"Kufanya nini? Huoni mkono?"

"Nauona. Ndiyo maana nimekuja na hili."

Hakubishana. Nadhani alikuwa amechoka kubishana. Tulimkalisha kiti cha dereva, mimi na Mama Mwalimu tukakaa nyuma, Nakijwa kushoto kwake. Uwanja wa mnada ulikuwa mtupu, upepo unapeperusha mifuko hadi kwenye ua wa miiba. Mwalimu aliweka kiganja cha kulia kwenye kishikio. Mkono wa kushoto ulilala mapajani.

"Gia?"

"Hakuna. Achia breki tu."

Gari likaondoka. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja, polepole sana, na alipofika pa kugeuza nikashika kiti cha mbele yangu. Aligeuza kiganja kidogo, kama mtu anayefungua mfuniko wa chungu, na gari likageuka lote. Halikuhitaji mkono wa pili. Akarudi. Akageuka tena. Akachora nane kati ya nguzo za kufungia ng'ombe, zile tulizokuwa tukizigonga sisi, akapita katikati kabisa. Mama Mwalimu alikuwa akisema jina la Mungu taratibu. Gari halikuwa na mlio, basi kulikuwa na sauti ya changarawe tu chini ya matairi.

Aliendesha mpaka akaridhika. Kisha akasimama katikati ya uwanja.

"Unauonaje, Mwalimu?" Nakijwa akauliza.

"Mwepesi." Alikohoa. "Kumbe ni mwepesi hivi." Akatazama mbele, milimani. "Ile kazi uliyoniambia. Ya kufundisha."

Nakijwa aliinamisha kichwa. "Walishampa mtu, Mwalimu. Walisubiri kidogo. Nilikupigia."

"Ulipiga. Niliona." Kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa kishikio. "Ni dereva mzuri, huyo mtu?"

"Ni mzuri."

"Mvumilivu?"

"Si sana."

"Mwambie awe mvumilivu. Mwambie kuna watu wazima wanaona haya." Alivuta pumzi. "Wasichekwe siku ya kwanza."

"Nitamwambia."

Tulikaa. Nilifikiri ataomba mzunguko mwingine, na nadhani Nakijwa alifikiri hivyo pia, maana hakugusa kitu. Lakini Mwalimu alitoa kiganja kwenye usukani, akakiweka juu ya mkono wake uliolala, na kusikiliza.

"Limezimika?"

"Hapana, Mwalimu. Linawaka."

"Mimi sijui linavyozimwa," alisema. "Hebu nifundishe."

Nakijwa akajisogeza karibu, akauchukua mkono wake wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akamwonyesha.